Malipo yakiwa njiani: kuyafuta ni haki au dhulma?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyetuhalalishia biashara na kutukataza kulana mali zetu kwa batili. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunakusudia kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu tunalihesabu kuwa dogo, nalo ni kufuta malipo ya simu yaliyokwisha kuamriwa lakini hayajafika. Mtu anadaiwa bili ya simu ya mwezi. Anaamrisha benki yake ilipe, au anabonyeza mwenyewe katika simu ya mkononi, kisha unamjia ujumbe kuwa malipo yake yanasubiri. Kabla hayajakamilika, moyo unageuka. Pengine amekumbuka kuwa bili ile aliilipa juzi. Pengine ada ya shule imemkabili ghafla. Au ameghadhibika tu kwa kuwa laini ilimsumbua mwezi mzima, akaona awakomoe wenye kampuni. Je, anayo ruhusa ya kuyafuta?

Swali hili wazee wetu hawakulijua. Bili ya simu ya mezani iliwafikia kwa sanduku la posta, wakaipeleka dirishani kwenye shirika la posta na simu, wakahesabu noti na kuondoka na risiti yenye muhuri. Kutoa na kupokea kulifanyika mahali pamoja na kwa wakati mmoja. Mashirika yale yaligawanywa, la Tanzania mnamo 1994 na la Kenya mwaka 1999. Kisha ikaja M-Pesa, nchini Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na fedha zikaanza kusafiri bila ya kuonekana. Tangu hapo, baina ya mkono unaotoa na mkono unaopokea pameingia muda. Mara nyingine ni sekunde chache, na mara nyingine, hasa malipo ya benki yanapokutana na mwisho wa juma au sikukuu, ni siku kadhaa. Katika muda huo ndimo shetani anamopenyeza wasiwasi wake, na ndimo tunamohitaji kuijua sheria.

Tuanze na msingi wa kwanza. Huduma ya simu uliyokwisha kuitumia kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi ni deni, sawasawa na kilo ya sukari uliyoandikiwa katika daftari la muuza duka. Na deni si jambo la mzaha. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, yaani aya ya 282 ya Suratul Baqarah, imeshuka kufundisha namna ya kuliandika na kulishuhudisha. Tunafahamu pia kisa cha jeneza lililoletwa mbele ya Mtume (S.A.W.), naye alipoambiwa kuwa marehemu ameacha deni la dinari chache bila ya mali ya kulilipia, aliwataka masahaba wamsalie ndugu yao, naye mwenyewe akajizuia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipojitwika deni lile. Ikiwa hali ni hiyo kwa dinari chache, basi na tusiseme kuwa bili ya simu si kitu.

Msingi wa pili ni kupokea. Deni haliondoki shingoni kwa nia ya kulipa, wala haliondoki kwa kubonyeza. Linaondoka pale mwenye haki, au wakili wake, anapoipokea haki yake. Kutokana na msingi huu tunapata hukumu mbili zilizo wazi. Malipo yakiwa bado yanasubiri, mali ni yako na deni pia ni lako. Mfano wake ni mtu aliyempa mwanawe noti aipeleke dukani, kisha akamwita arudi kabla hajafika kwenye kona. Hakumwibia muuza duka, lakini pia hajamlipa, na asijidanganye kuwa amelipa. Ama malipo yakishakamilika, mali imekuwa ya mwingine, na kuitia mkono bila ya ridhaa yake ni kumpokonya, hata kama mkono wenyewe ni wa kubonyeza tu.

Kwa misingi hiyo miwili, yule ndugu yetu tunamjibu hivi. Ikiwa amelipa mara mbili, au amekosea namba, kufuta ni haki yake na wala asione haya. Nambari moja ikikosewa, fedha humwendea mtu asiyemjua. Kosa halihamishi umiliki, na aliyepokea asichostahiki hakukimiliki. Ikiwa dharura ya kweli imemfika, afute kabla ya malipo kukamilika, na papo hapo awajulishe anaowadai kwake na kuwaomba muda. Ama akifuta ilhali anacho cha kulipa na siku ya kulipa imefika, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa tajiri anayechelewesha deni lake anadhulumu. Na anayefuta kwa hasira ameacha njia ya haki akashika ya mkato. Kama huduma ilikuwa mbovu, njia ni kulalamika, kudai apunguziwe, na akikataliwa kuipeleka shauri mbele ya mamlaka ya mawasiliano. Haifai mdai na hakimu wawe mtu mmoja.

Lakini, ndugu Waislamu, lililotusukuma kushika kalamu ni ovu zaidi ya hayo. Umeenea mtindo wa mtu kununua bidhaa, kumlipa muuzaji kwa simu mbele ya macho yake, kusubiri ujumbe uingie, kuaga kwa salamu nzuri, na akishakata kona akapiga simu kwa kampuni kudai kuwa alikosea kutuma, arejeshewe. Mwathirika mara nyingi si tajiri. Ni mama muuza samaki ambaye mtaji wake wote uko katika beseni moja, na ambaye jioni anataka kulipa alikokopa ndipo anagundua salio limepungua. Nchini Kenya, mwenye kukosea hutakiwa kuupeleka ujumbe wa muamala kwenye namba 456, na fedha zikiwa hazijatolewa huweza kuzuiwa na kurejeshwa. Mlango huo umefunguliwa kwa huruma, kumwokoa aliyeteleza. Anayeupitia kwa uongo amekusanya makosa matatu, yaani wizi, uongo, na kuwafungia mlango wakweli watakaokuja baada yake.

Atasema msemaji: Je, sheria haikumpa mnunuzi hiari ya kurudi nyuma? Imempa, lakini kwa mipaka. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi katika pwani yetu, muuzaji na mnunuzi wote wawili wana hiari maadamu hawajaachana pale walipouziana. Wakishaachana, mauzo yamethibiti, isipokuwa kukiwa na aibu katika bidhaa au sharti walilowekeana. Anayejuta baadaye anaweza kumwendea mwenzake na kumwomba wavunje, na muuzaji anayekubali kwa huruma ameahidiwa ujira mwema. Tazameni tofauti iliyopo. Hilo ni jambo la kuombwa uso kwa uso na bidhaa ikiwa mkononi. Kuirudisha fedha ukiwa umekwisha kumla samaki hakuna madhehebu yanayokujua.

Upo pia upande wa anayepokea. Baadhi yetu tukiona fedha zimeingia tusikozitarajia, tunaita riziki, tunakimbilia kwa wakala kuzitoa na kuizima simu. Hiyo si riziki. Ni amana iliyokuangukia, na mwenyewe pengine analia mahali fulani kwa kuwa ilikuwa ya dawa za mgonjwa. Hata sheria ya nchi imeliona hili. Kenya, katika sheria yake ya mwaka 2018 juu ya makosa ya kompyuta, imefanya kuwa ni kosa kuzuia kwa makusudi malipo ya kielektroniki yaliyokufikia kimakosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Inasikitisha Muislamu aisubiri sheria hii imtishe, na hali alikwisha kufundishwa uaminifu chuoni akiwa na umri wa miaka saba.

Hata hivyo, uaminifu si ujinga. Wapo wanaotuma ujumbe wa kughushi na kupiga simu wakilia kuwa wamekosea. Kwanza tazama salio lako, usiuamini ujumbe peke yake. Ukikuta fedha zimeingia kweli, usiziguse, wala usiharakishe kuzituma kwa namba unayotajiwa, maana mwenyewe huenda amekwisha kuiomba kampuni izirejeshe, ukajikuta umelipa mara mbili. Wajulishe kampuni wenyewe kwa namba yao rasmi, na uwaache wazirudishe. Namba ya siri usimpe yeyote, hata ajiite nani. Na unapotuma, soma jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, kwani sekunde tano za kusoma ni nyepesi kuliko siku tano za kufuatilia. Malipo yakichelewa, usilipe mara ya pili kwa pupa. Hifadhi ujumbe wenye namba ya muamala na uulize kwanza.

Wala hatutawaacha wenye makampuni na mabenki. Suratul Mutaffifin inaanza kwa onyo kali kwa wale ambao wakipokea hutaka kipimo kamili, na wakitoa hupunguza. Kampuni inayokata laini ya mteja mara tu siku ya mwisho inapopita, lakini inayochukua majuma kumrudishia alichozidisha, na ijitazame katika kioo cha sura hiyo. Fedha iliyoingia kwa makosa si faida yao, ni dhima yao. Na wanapopokea dai la kurejesha malipo yaliyofanywa kwa mfanyabiashara, ni wajibu kumsikiliza na huyo aliyelipwa kabla ya kumkata, kwani hakimu hahukumu kwa neno la upande mmoja.

Ndugu msomaji, teknolojia imetupa uwezo wa kuirudisha fedha iliyokwisha kuondoka, lakini haikutupa uwezo wa kuirudisha dhulma iliyokwisha kuandikwa. Muamala unaofutwa katika simu haufutiki katika daftari la Malaika. Kila tunapoweka kidole juu ya neno la kufuta, na tujiulize swali moja tu: Hii ninayoirudisha, ni yangu?

Mwenyezi Mungu atujaalie kula halali, kulipa madeni yetu tungali hai, na kurejesha amana kwa wenyewe. Amin.