Kununua duka si kununua mkulima

Kampuni inaponunua biashara ya mfanyabiashara wa viungo wa Darajani, aghalabu mkataba huwa na kifungu kinachosomwa harakaharaka: aliyeuza asifanye tena biashara hiyo. Kifungu hicho kina haki yake. Nani atalipia jina la duka na wateja wake, kisha muuzaji afungue jingine mlango wa pili? Lakini lazima kiwe na mpaka. Mwongozo wa Tume ya Ulaya wa mwaka 2005 unakubali miaka 3 pale ujuzi na wateja vinapouzwa pamoja, miaka 2 wakiuzwa wateja peke yao.

Mkataba ukisema miaka 10, Unguja nzima, anayeumia ni mkulima wa Kizimbani au Dole, ambaye hakutia saini popote. Jana alikuwa na wanunuzi wawili, leo anaye mmoja, na bei anapangiwa. Zanzibar si mgeni wa hayo: ukiritimba wa karafuu wa mwaka 1937 ulizusha ususiaji wa wafanyabiashara wa Kihindi hadi makubaliano ya 1938.

Sheria ya Ushindani ya 2003 ni ya Bara. Zanzibar ina yake, Namba 5 ya 2018, na tume yake. Tume hiyo itamke wazi ni miaka mingapi inatosha. Na mwenye duka asitie saini kabla ya kuona muda, eneo na aina ya bidhaa vimeandikwa.