Fidla Zinazohesabu kwa Kiswahili

Haya wapenzi wa muziki, leo bendi zetu zipumzike kidogo. Kuna albamu moja ambayo ukiipiga usiku, jirani atakuja kugonga mlango aulize nani kafa. Inaitwa Black Angels, ya Kronos Quartet wa Marekani, ilitoka 1990. Wapigaji wanne tu: fidla mbili, viola na selo. Lakini kishindo chake, acha bwana!

Jina limetoka kwenye kazi ya kwanza humo, ya mzee George Crumb aliyefariki 2022. Aliimaliza Ijumaa, Machi 13, 1970, na kwenye karatasi za noti akaandika kwa Kilatini kwamba ni wakati wa vita. Vita vyenyewe vya Vietnam. Fidla zimeungwa kwenye umeme, zinaanza kulia kama nzi elfu moja waliofungiwa ndani ya debe. Wengine wanasikia helikopta. Kisha jamaa wanavaa subana za fundi cherehani vidoleni, wanagonga upatu, wanapitisha upinde kwenye bilauri zenye maji. Wananong'ona, wanapiga mayowe, tena wanahesabu kwa Kijerumani, Kirusi, Kijapani na... Kiswahili! Ndiyo, hikihiki chetu. Namba 7 na 13 ndizo zinazotawala kazi nzima, na zikitajwa unadhani uko kilingeni kwa mganga.

Najua kuna watakaosema hii ni fujo tupu. Mimi nabisha. Kwani vita ulitaka vipigiwe kinanda cha harusi? Halafu subiri kipande alichokiita muziki wa Mungu: mayowe yamekwisha, bilauri zinaimba taratibu, selo inapanda juu peke yake. Hapo hata mbishi ananyamaza.

David Harrington aliisikia redioni 1973, ikamkaa kichwani, mwaka huohuo akaunda Kronos kule Seattle ili waipige. Mtu kaanzisha kundi kwa sababu ya kazi moja!

Humo pia wamerekodi wimbo wa kale wa Thomas Tallis wa sauti 40, watu walewale wanne wakirundika sauti juu ya sauti. Ule sikuuelewa sana. Ya mwisho ni ya Mrusi Shostakovich, ya 1960, aliyoitoa kwa wahanga wa ufashisti na vita. Mwenye moyo mwepesi aanzie hiyo, na asisubiri saa sita ya usiku.