Mwongo wa Miaka na Mwongo wa Maneno

Wahenga wetu wametuachia methali isemayo, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Nimeisikia tangu nikiwa chuoni nikishika juzuu, na nimeitia katika mashairi yangu mara nyingi bila ya kuitilia shaka. Leo, kwa idhini ya wasomaji, nataka kusema kwamba methali hiyo imeshindwa na zama. Mwongo wa miaka kutoka 2010 hadi 2020 umeivunja, na sisi watu wa pwani tumo katika waliosaidia kuivunja.

Neno "mwongo" kwetu lina maana mbili. Mabaharia na wakulima wetu walihesabu mwaka wa Nairuzi kwa miongo, kila mwongo siku kumi, na kwa hesabu hiyo wakajua pepo zitageuka lini na mvua itanyesha lini. Siku hizi twalitumia neno hilo kwa miaka kumi pia. Maana ya pili ni mtu asiyesema kweli. Sidhani kama lugha yetu ilikusudia kuzikutanisha maana hizo, lakini katika miaka ninayoizungumzia zilikutana.

Methali ile ilitungwa na watu waliojuana. Neno lilipozuka Kibokoni likafika Kuze kabla ya alasiri, lilikuwa na njia iliyojulikana. Fulani kalisikia kwa fulani, naye kalisikia sokoni kwa mwuza samaki ambaye nduguye ni baharia. Aliyetaka kuhakikisha aliweza kuirudi njia ile nyumba kwa nyumba mpaka akafika kwa mwenye neno. Aliyezua uwongo alijulikana, na siku ya pili akija barazani hakusogezewa kikombe cha kahawa. Basi lililosemwa lilikuwa lipo, au karibu na kuwapo, kwa kuwa msemaji aliogopa aibu.

Mwaka 2009 waya wa baharini uitwao TEAMS ulifikishwa Mombasa kutoka Fujairah, huko Imarati, masafa ya karibu kilomita 5,000. Njia yenyewe haiko mbali na ile waliyoipita majahazi kwa upepo wa kaskazi. Jahazi lilileta tende, mazulia na khabari, lakini khabari ilishuka pwani pamoja na nahodha, na nahodha alikuwa na jina na nyumba anayofikia. Waya ulituletea khabari peke yake. Mtandao ukawa na kasi, simu za kubeba mkononi zikawa na macho na masikio, na mwaka uliofuata mwongo wetu ukaanza.

Ulianza kwa jambo la kuliza. Tarehe 17 Disemba 2010, katika mji wa Sidi Bouzid nchini Tunisia, kijana mwuza matunda aliyeitwa Mohamed Bouazizi alijitia moto baada ya maofisa kumnyang'anya bidhaa zake. Picha za maandamano zilizopigwa kwa simu zikaenea katika Facebook na katika televisheni. Tarehe 14 Januari 2011 Rais Ben Ali, aliyetawala tangu 1987, akakimbilia Saudia. Tarehe 11 Februari Hosni Mubarak wa Misri akaondoka baada ya karibu miaka 30 madarakani. Serikali yake ilikuwa imeuzima mtandao mwishoni mwa Januari, na haikumfaa kitu. Barazani kwetu tulisema, na mimi nikiwa wa kwanza, kwamba sasa dhalimu hana tena pa kujificha.

Sikatai kwamba lilikuwamo la kweli katika maneno yetu. Mwaka 2014 watu wa Gaza waliweza kuuonyesha ulimwengu msiba wao kwa simu zao wenyewe. Mwaka 2019 watu wa Sudan walimwondoa Omar al-Bashir, na picha zao tuliziona siku ile ile. Mimi niliyekulia kusubiri taarifa ya saa mbili usiku nilishukuru kuyaona hayo kabla sijafa.

Lakini chombo kinachobeba kilio cha mdhulumiwa hubeba pia fitina ya dhalimu, wala hakichagui mizigo. Huko Myanmar chuki dhidi ya ndugu zetu Warohingya ilienezwa kwa miaka katika Facebook, na kuanzia Agosti 2017 zaidi ya watu 700,000 walikimbilia Bangladesh wakiacha vijiji vinavyowaka. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walisema kwamba mtandao huo ulichangia, na mwaka 2018 kampuni yenyewe ikakubali kwamba haikufanya ya kutosha kuzuia usitumiwe kuchochea fujo. Mwaka huo huo huko India watu wasio na hatia walipigwa hadi kufa kwa uvumi wa WhatsApp kwamba wao ni wezi wa watoto. Ikabidi kampuni ipunguze idadi ya watu ambao ujumbe mmoja waweza kupelekewa kwa mara moja.

Wala tusidhani kwamba balaa hilo ni la nchi za mbali. Machi 2018 ulimwengu ulijua kwamba kampuni ya Kiingereza iitwayo Cambridge Analytica ilijipatia siri za mamilioni ya watu wa Facebook ili kuwashawishi wapiga kura. Wakuu wake walinaswa katika filamu wakijisifu kwamba walifanya kazi katika chaguzi zetu za Kenya za 2013 na 2017. Mpiga kura wa Likoni au wa Malindi alisoma maneno akadhani yameandikwa na jirani yake, asijue yametoka kwa nani.

Hata hivyo nisingekaa kuandika makala haya kwa ajili ya mambo ya Myanmar na London tu. Naandika kwa sababu ya mguu wa shangazi yangu.

Ilikuwa mwaka 2020, mwaka wa korona. Misikiti imefungwa, usiku hapana kutoka, na kuanzia mwanzo wa Aprili hapakuwa na ruhusa ya kutoka Mombasa wala kuingia. Mwezi wa Mei, nasi tumo katika Ramadhani, Mji wa Kale nao ukafungwa peke yake. Katika siku hizo nililetewa sauti katika simu. Mtu aliyejiita daktari, kwa Kiswahili safi cha kwetu, alisema kwamba kila aendaye hospitali kwa ugonjwa wowote huzuiwa huko na hamrudishiwi. Nilisikiliza mara moja. Sikumwuliza aliyeniletea kwamba daktari huyu ni nani, wa hospitali gani. Nilibonyeza kidole nikaipeleka kwa jamaa zangu wote, nikarudi kufuturu.

Shangazi ana ugonjwa wa sukari. Wakati ule alikuwa na kidonda kidogo cha kidole cha mguu, na siku zake za kliniki zilikuwa zimefika. Hakwenda. Alikisafisha kwa maji ya chumvi, akakifunga, akawaambia wajukuu zake kwamba hakimwumi. Alipopelekwa mwishoni mwa Juni, madaktari hawakuwa na la kufanya ila kuukata mguu chini ya goti.

Nilipokwenda kumtazama nilimwuliza kwa nini alikaa nyumbani muda wote ule. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ni mtu wa magazeti. Nilijua huwezi kuniletea neno usilolijua." Hakusema kwa kunilaumu, alikuwa akinijibu tu. Yu hai hadi leo, alhamdulillahi, na mimi namjulia hali kila Ijumaa. Lakini jibu lile silisahau.

Baada ya hapo nilifanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya kabla. Nilirudi nyuma kuitafuta ile sauti. Aliyeniletea mimi alisema kaipata kwa binamu yake. Binamu alisema kaipata katika kundi la kamati ya arusi. Wa kundi lile alinitajia mtu mwengine, na huyo, nilipompigia, akaniambia, "Ustadhi, mimi nimetumiwa tu, nami nikatuma." Hapo ndipo njia ilipokatika. Watu wanne waungwana, hapana hata mmoja aliyekusudia ubaya, na hapana hata mmoja aliyejua mwenye neno.

Wasomaji waliopita chuoni watakuwa wamekwisha fahamu ninakoelekea. Umma huu una elimu ambayo sijui kama umma mwengine umeisimamisha kwa uangalifu kama huo, nayo ni elimu ya isnadi. Hadithi haikupokewa kwa uzuri wa maneno yake. Iliulizwa: umeipata kwa nani, naye kwa nani, na hao walikutana wapi, na tabia zao zilikuwaje? Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alisafiri miji kwa miji katika kazi hiyo, na kitabu chake chenye hadithi zaidi ya 7,000 pamoja na zilizokaririwa ni machache aliyoyachagua katika mengi mno aliyoyasikia. Mlolongo ukikatika mahali pamoja, hadithi ilitiwa udhaifu, hata kama maneno yake ni matamu. Na Suratul Hujurat imetuwajibisha kuhakikisha khabari kabla ya kuifanyia kazi. Haya tuliyasoma tukiwa watoto. Kisha tulipopewa simu tukayaweka kando, kana kwamba yalikuwa ya vitabuni peke yake.

Hata ushairi wetu ulijengwa juu ya msingi huo. Mshairi wa pwani alipofika kaditama alitaja jina lake, na mara nyingi mji na mtaa wake. Wageni hudhani ilikuwa ni kujisifu. Maana yake ilikuwa ni kwamba maneno haya yana mwenyewe. Mwenye jawabu na alete, mwenye kulaumu anajua pa kubisha hodi. Malumbano makali yaliandikwa katika kurasa za magazeti yetu, na kila mtu alitia sahihi yake. Leo mashairi hupita katika simu yamekatwa ubeti wa mwisho. Shairi langu mwenyewe liliwahi kunirudia na jina la mtu mwengine, na aliyeniletea akanisihi nijifunze kutunga kama huyo. Nilicheka siku hiyo. Sasa naona kwamba ugonjwa ni mmoja: aliyelikata jina la mshairi na aliyelisambaza neno la daktari asiyekuwapo wameondoa kitu kile kile.

Wako wanaosema dawa ni serikali kuufunga mtandao. Mimi siafiki. Mubarak aliufunga, na watawala wa Sudan waliufunga Juni 2019 baada ya waandamanaji kuuawa Khartoum. Mlango ukifungwa, anayenyamazishwa kwanza ni mwenye kudhulumiwa, na uvumi hupita dirishani. Wengine wanangoja kampuni za Marekani zitusafishie maneno. Kampuni iliyoinunua WhatsApp mwaka 2014 kwa karibu dola bilioni 19 haikuinunua ili kutuchungia adabu zetu.

Kazi hiyo ni yetu, na si nzito kwa watu waliolelewa kama sisi. Kwanza, tulirudishe swali la chuoni: umeipata kwa nani? Asiyeweza kujibu na asitume. Pili, kila kundi la simu, liwe la ukoo, la arusi au la msikiti, lina msimamizi wake. Huyo na ajione kama mwenye baraza, ambaye zamani hakuona haya kumwambia mtu, "Neno hilo usilitie hapa mpaka ulithibitishe." Tatu, walimu wetu wa madrasa wanaofundisha isnadi wawafundishe watoto kwamba elimu hiyo inaingia mfukoni mwao, ndani ya simu. Na nne, aliyetuma uwongo na arudi kwa wale wale aliowatumia akiri, kama ninavyokiri mimi katika ukurasa huu.

Nasema tufanye haraka katika hili, ijapokuwa haraka kwa kawaida haina baraka. Mwongo ule umepita, lakini uliotufikia una hatari zaidi. Zimetoka mashine ziwezazo kuiga sauti ya mtu na uso wake hata mkewe asitambue. Yule daktari wa 2020 alikuwa, kwa uchache, ni binadamu aliyekaa mahali fulani akasema uwongo kwa kinywa chake. Wa kesho huenda asiwe na kinywa. Nasi tusipokuwa na desturi ya kuuliza njia ya neno, tutaamrishwa na sauti za watu ambao hawakuzaliwa.

Kwa hivyo methali ya wahenga siitupi, ila naiomba ingoje. Lisemwalo huenda lipo, akiwapo aliyelisema. Na kwa kuwa nimezoea kumaliza kwa ubeti, huu hapa, na jina langu liko juu ya ukurasa kwa mwenye kutaka kunijibu:

Khabari ikikujia, usikimbie kutuma,
Kwanza shika yake njia, uliza nani kasema,
Mwenyewe akikimbia, ujuwe si neno jema,
Kidole hicho ni chako, hesabu yake ni yako.