Chema Chajiuza

Wazee wetu walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyelitamka neno hilo alikuwa akitazama soko, mahali ambapo mwenye bidhaa mbovu hupiga kelele kuwapita wenziwe wote. Juma hili twataka kulipima neno hilo mbali na masoko yetu: katika meli kubwa za matembezi, zile zinazowachukua watu baharini kwa mapumziko, na hasa katika vyumba vyake viitwavyo spa, ambamo abiria hukandwa mwili, husafishwa uso na hupakwa mafuta. Humo hakuna kelele. Kitu chema na kitu hafifu husifiwa kwa sauti moja, ya chini na ya upole. Ndiyo sababu watu wengi hutoka humo wamenunua vitu wasivyokusudia kununua.

Pengine baadhi yenu mtauliza: Habari hizi zatuhusu nini? Zatuhusu. Jamaa nyingi za kwetu zina watoto na ndugu katika Ubelgiji, Ufaransa na Kanada. Wako wanaowalipia wazazi wao safari ya namna hii, iwe zawadi ya jubilei ya ndoa. Na wako vijana wanaotafuta kazi katika meli hizo. Tena, mtu aliyejifunza kusema "hapana" mahali pagumu hatashindwa kuisema mlangoni pake.

Kwanza tuzifahamu meli zenyewe. Wazee wetu wazikumbuka meli za Compagnie Maritime Belge, zilizosafiri zamani kati ya Antwerpen na Matadi. Aliyepanda meli hizo alikuwa na mahali pa kwenda. Alilipa nauli, akafikishwa, akashuka. Meli ya matembezi si hivyo. Humchukua mtu Miami au Barcelona, humzungusha kwenye bandari na visiwa kwa siku saba hivi, kisha humrudisha pale pale alipoanzia. Moja ya meli hizo, Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami mwezi wa Januari 2024, yaweza kuchukua abiria zaidi ya 7,000, pamoja na wafanyakazi wapata 2,350. Huo ni mji mzima juu ya maji, na kama mji wowote una maduka yake.

Basi, nauli si mwisho wa malipo. Mwaka 2023 kampuni ya Carnival, yenye meli nyingi za namna hii, ilipata jumla ya dola bilioni 21.6. Katika hizo, wapata bilioni 7.5 hazikutoka katika nauli, bali katika vitu ambavyo abiria hununua melini na mapato mengineyo. Hiyo ni zaidi ya thuluthi moja. Kwa hiyo abiria asidhani kwamba akiisha kulipa tikiti amemalizana na wenye meli. Kwao, safari ya biashara ndiyo kwanza yaanza.

Mara nyingi spa si mali ya wenye meli. Hukabidhiwa kampuni nyingine, nayo huwapa wenye meli sehemu ya mapato. Kampuni iliyo kubwa kuliko zote katika kazi hiyo, OneSpaWorld, imeandikishwa Bahamas, na tangu mwaka 2019 hisa zake huuzwa katika soko la Nasdaq huko Marekani. Yafanya kazi katika meli zinazokaribia 200. Mapatano ya namna hiyo ni halali, wala hatuyalaumu. Lakini yafaa abiria ajue kwamba fedha anayolipa yagawanywa kwa wengi, na kila mmoja angependa iongezeke. Mwisho wa mgawanyo huo yuko binti anayekanda. Melini, ujira wa mkandaji mara nyingi hutegemea kamisheni, yaani fungu dogo la kila kitu anachouza, na wakubwa wake hutazama hesabu ya mauzo yake. Akikanda vizuri asiuze kichupa hata kimoja, aweza kuhesabiwa kuwa mtumishi dhaifu.

Sasa tutazame namna mauzo yanavyofanyika. Siku ya kwanza abiria hualikwa kutembezwa katika spa, na pengine hupigiwa kura ya zawadi. Siku meli inapotia nanga bandarini, hutangazwa punguzo, kwa kuwa watu wengi wameshuka na vyumba vi tupu. Mama fulani aenda. Apewa karatasi ya maswali: Ngozi yako ikoje? Walala vizuri? Waumwa wapi? Ajibu kwa moyo mweupe. Kisha alala mezani, taa zimepunguzwa, nguo zimewekwa kando, na kwa muda wa dakika hamsini akandwa kwa ustadi. Anapoanza kusinzia asikia sauti: "Mama, ngozi yako imekauka sana. Mwili wako umehifadhi maji na sumu. Kazi hii ya leo haitadumu usipotumia mafuta haya nyumbani." Akiisha kuvaa, akuta vichupa vitatu au vinne vimepangwa mbele yake, pamoja na karatasi iliyotiwa alama, mfano wa karatasi ya daktari. Fedha taslimu haidaiwi. Atia sahihi tu, na deni laandikwa katika kadi ya chumba chake.

Tufanye hesabu. Tuseme kukandwa ni dola 160. Matabishi, ambayo mara nyingi huongezwa pasipo kuulizwa, kwa asilimia 18 au 20, tuseme ni dola 32. Vichupa vitatu, dola 240. Mama aliyeingia na mawazo ya dola 160 ametoka na deni la dola 432, naye hajagusa noti hata moja. Zaweza kuwa ada ya mtoto shuleni. Ataziona siku ya mwisho, hesabu itakapofika chumbani.

Kwa nini mtu mzima mwenye akili, ambaye sokoni hushindana bei ya samaki mpaka muuzaji achoke, anyamaze hapa? Twaona amefungwa kwa kamba tatu. Ya kwanza ni aibu: amelala bila nguo mbele ya mtu asiyemjua, na aliye katika hali hiyo hana nguvu ya kubishana. Ya pili ni shukrani: ametendewa wema kwa mikono, naye aona ni ukatili kumnyima mtu huyo anachoomba. Mwanachuoni mmoja wa Marekani, Robert Cialdini, katika kitabu chake Influence cha mwaka 1984, alieleza jinsi mtu aliyepewa kitu anavyojiona ana deni, hata kama hakukiomba. Ya tatu ni heshima kwa fundi: amevaa nguo nyeupe, atumia maneno ya elimu, nasi tumezoea kumtii avaaye hivyo.

Hapo yafaa tuseme wazi juu ya hizo "sumu". Mwenyezi Mungu aliutia mwili ini na figo, navyo vyafanya kazi hiyo usiku na mchana bila malipo. Kufungwa mwilini kwa mwani wa bahari na joto humtoa mtu jasho. Mizani yaweza kushuka kidogo, kwa kuwa maji yamepungua. Akinywa maji, uzito warudi. Mafuta mazuri hulainisha ngozi, na kukandwa hupumzisha misuli. Faida hizo ni za kweli, na atakaye aweza kuzilipia kwa furaha. Lakini hakuna mafuta ya kupaka yanayoyeyusha unene wala kuitoa sumu katika damu. Mwenye kuona mwili wake umevimba kweli asinunue kichupa, amwone daktari.

Wala mtu asitegemee kwamba atairudisha bidhaa baadaye. Sheria ya nchi za Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 humpa mnunuzi siku 14 za kughairi, lakini kwa mapatano yaliyofanywa kwa mbali au nje ya mahali pa biashara ya muuzaji. Haikutungwa kwa ajili ya mtu aliyeingia dukani kwa miguu yake. Tena meli nyingi hupeperusha bendera ya Bahamas, ya Panama au ya Malta, na mashtaka juu ya kichupa cha mafuta ni safari ndefu kuliko ile ya kwanza. Dawa ni kujilinda kabla ya kutia sahihi.

Basi, tufanyeje? Yafuatayo twayaona kuwa yafaa.

Kwanza, kabla ya kupanda meli, mume na mke wapatane kiasi cha fedha watakachotumia melini, wakiandike, wasikipite.

Pili, neno lisemwe mapema, kabla ya kuvua nguo na kabla ya kulala mezani. Ukipewa karatasi ya maswali, andika juu yake: "Sitaki kuuziwa bidhaa." Kisha mwambie mkandaji kwa upole: "Dada, leo nimekuja kupumzika tu. Tafadhali tusizungumze habari za kununua." Lisemwapo mwanzoni, neno hilo halimvunjii mtu heshima, tena lampunguzia kazi.

Tatu, atakapouliza hata hivyo, jibu ni moja: "Asante sana, sitanunua." Usitoe sababu. Ukisema, "Sina fedha," utaambiwa kuna punguzo. Ukisema, "Mzigo wangu umejaa," utaambiwa vitu vyaweza kupelekwa kwako nyumbani. Ukisema, "Nitamwuliza mume wangu," utaulizwa je, kwa uso wako mwenyewe wahitaji ruhusa? Kila sababu ni mlango, na muuzaji amefundishwa kuufungua. Jibu lisilo na sababu ni ukuta.

Nne, kitu kikikupendeza kweli, omba jina lake na bei yake kwa maandishi, uende ukalale. Asubuhi, ukiwa umevaa nguo zako na umekula chakula chako, utajua kama bado wakitaka. Kichupa hakitakimbia, meli yote imezungukwa na maji.

Tano, soma hesabu kabla ya kutia sahihi. Tazama kama matabishi yamekwisha kutiwa, usije ukalipa mara mbili. Na kila jioni uliza deni la chumba chako limefika wapi, usingoje siku ya mwisho.

Sita, kama mkandaji hakomi kusema, una haki ya kumwomba anyamaze, na hata kuinuka mezani. Kama umetozwa usichokubali, nenda upesi kwa msimamizi wa spa, kisha kwenye dawati la wageni, kabla ya kushuka. Aliyekwisha kushuka na mizigo yake hupata shida kusikilizwa.

Lakini, wasomaji wapenzi, tusiishie kwa mnunuzi peke yake. Yule binti naye ni mtoto wa watu. Wafanyakazi wa meli hizo watoka katika nchi nyingi, Ufilipino, Uhindi, Afrika Kusini, hata Kenya. Wakaa miezi mingi mbali na nyumbani, wakituma fedha kwa wazazi. Akisukuma bidhaa, mara nyingi ni kwa sababu naye asukumwa. Kwa hiyo tumkatalie bidhaa, tusimnyime utu. Kumtukana hakufai kitu. Kununua kwa kumhurumia nako hakumsaidii sana, kwa kuwa fungu linalomfikia ni dogo. Alikanda vizuri? Msifu kwa jina lake katika karatasi ya maoni, na hapo hapo uandike kwamba kusukumiwa bidhaa hakukupendeza. Hivyo lawama yafika kwa walioweka desturi, na sifa yafika kwa aliyefanya kazi.

Na vijana wanaotaka kazi hiyo wajue haki zao. Mapatano ya Kazi za Bahari ya mwaka 2006, yaliyoanza kutumika mwezi wa Agosti 2013, yamhesabu kuwa baharia kila afanyaye kazi melini, hata mpishi na mkandaji, na yakataza kumtoza mtu ada ili apewe kazi. Anayekuomba fedha kwanza ili akutafutie nafasi melini, mwogope. Na ukipata mkataba, usome sehemu ya ujira: ni kiasi gani cha hakika kila mwezi, na ni kiasi gani kitategemea kuuza?

Nanyi wanafunzi, mambo haya hayako baharini tu. Mtu aje nyumbani na dawa ya kila ugonjwa, au na simu ya bei ya leo tu, au na karatasi ya kutia sahihi upesi upesi: kamba ni zile zile, aibu, shukrani na heshima kwa mwenye maneno mengi. Anayekuuzia kitu chema hataogopa ukimwambia, "Nitarudi kesho." Anayekataza usingoje kesho, amekwisha kukuambia thamani ya bidhaa yake.