Jiwe la Jikoni na Jiwe la Bafuni

Ukifika Singida mjini utaona majabali yamesimama katikati ya makazi na kandokando ya ziwa Singidani. Hilo ni jiwe la matale, ambalo wengi wetu hulijua kwa kokoto tu. Kumbe likikatwa na kung'arishwa, hufaa kwa meza ya jikoni kuliko marumaru.

Sababu ni ndimu. Marumaru ina asili ya chokaa, hivyo ndimu na siki huila na kuacha baka. Matale hayaliwi kwa urahisi huo.

Basi kabla ya kutoa mshahara wako, omba kipande cha jiwe, kidondoshee ndimu, ngoja robo saa, kisha ukifute. Kikitoa mapovu au kikipoteza mng'ao, hicho si cha jikoni.

Bafuni usivutwe na mng'ao. Sakafu laini ikilowa huteleza, na nyanya akivunjika nyonga, hakuna urembo utakaomfariji. Chagua jiwe lenye uso wa kukwaruza.

Mwisho, fundi akatapo jiwe alimwagie maji, kwani vumbi lake huharibu mapafu. Nyumba nzuri isijengwe kwa pumzi ya mwenzetu.