UNAHODHA SI KUSHIKA USUKANI TU

WAHENGA walisema kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Methali hiyo ina maana yake, lakini imekuwa ikitumiwa vibaya. Kila inapotokea ajali ya majini wapo wanaoitaja haraka ili kufunga mjadala, kana kwamba bahari ndiyo iliyoamua na binadamu hakuwa na la kufanya. Ukweli ni kwamba mara nyingi usukani upo, ila umeshikwa na mtu asiyejua, au anayejua lakini akakosa ujasiri wa kusema: "Leo hatuondoki."

Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama ikiwa safarini kutoka Unguja kwenda Pemba. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria. Katika kila ajali walikufa watu zaidi ya 200, na vyombo vyote viwili vilikuwa vimepakia watu kupita uwezo wake. Hivyo vilikuwa vyombo vya injini, wala si majahazi. Hata hivyo, kanuni iliyovunjwa ni ya kale kuliko injini, na kila baharia wa tanga huifahamu: shehena hupimwa kwa uwezo wa chombo na hali ya bahari, haipimwi kwa haja ya mwenye mzigo.

Yafaa basi kuuliza nahodha hupatikanaje. Neno lenyewe lina asili ya Kiajemi, na maana yake ni bwana wa chombo. Lakini katika mwambao wa Afrika Mashariki, kumiliki jahazi hakukumfanya mtu kuwa nahodha. Kijana alianza chini kabisa: kupika, kufua maji ngamani na kupanga kamba. Baadaye alifundishwa kupandisha foromali, kushika demani, na kulizungusha tanga wakati chombo kinapobisha upepo. Kana ya usukani alipewa kwanza siku ya bahari shwari, mkubwa wake akiwa karibu naye. Miaka mingi ilipita kabla ya kukabidhiwa chombo na roho za watu.

Elimu aliyoipata haikuwa ndogo. Alijua kwamba kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, na kusi tangu Aprili hadi Septemba. Na ya kuwa kati ya pepo hizo mbili upepo hulegea na kugeukageuka. Alihesabu siku za mwezi, kwa sababu bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu huja katikati yake. Katika mwambao wa Tanzania maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Mlango unaopitika vizuri asubuhi waweza kuwa fungu la mchanga saa sita baadaye. Usiku alizisoma nyota, na mchana aliitambua miamba kwa rangi ya maji.

Pamoja na hayo alijifunza kuishi na watu. Chombo ni mji mdogo usio na mlango wa kutokea. Mabaharia hula sinia moja, hulala juu ya mbao zile zile, na uvivu wa mmoja huwa hatari ya wote. Ndiyo maana ikasemwa kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Amri lazima iwe moja, na huyo mwenye amri lazima awe anastahili kutiiwa.

Elimu hiyo iliheshimiwa hata na wageni waliokuja na mizinga. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi alihitaji rubani wa kumvusha Bahari ya Hindi. Alipopewa rubani huyo aling'oa nanga mwezi Aprili, na mwezi Mei alikuwa Calicut. Ajabu ni kwamba leo wapo wasomi wa pwani hiyo hiyo wanaouona ubaharia wa tanga kuwa ni kazi ya wale walioshindwa shule. Mtu anayekokotoa maji, mwezi, upepo na mwendo kichwani, huku mawimbi yakimpiga, hawezi kuitwa mjinga.

Hata hivyo, si haki kuyasifu ya kale kupita kiasi. Majahazi nayo yalizama, na mabaharia wengi walikufa bila redio wala majaketi okozi. Uzoefu wa mzee hauwezi peke yake kumwonyesha kimbunga kilicho mbali. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoukaribia mwambao wa Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari kabla hakijafika. Nahodha anayeidharau tahadhari ya namna hiyo kwa kujivunia miaka yake baharini ni sawa na yule anayejivunia cheti bila kuijua bahari.

Kwa hiyo njia iliyo sahihi ni kuziunganisha elimu hizo mbili. Mafunzo ya ubaharia yalianzishwa Dar es Salaam mwaka 1978, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini karatasi haitoshi. Huko Uingereza, hata watu wanaosafiri kwa matanga kwa starehe tu, wakitaka cheti cha juu cha unahodha, hudaiwa kwanza siku 50 za baharini na mwendo wa maili 2,500, kisha hupimwa wakiwa ndani ya chombo chenyewe. Ikiwa mtu wa starehe hudaiwa hayo, anayebeba abiria na shehena adaiwe kidogo kwa sababu gani?

Watumishi wanaotoa leseni wanao wajibu wa kumpima nahodha kwa matendo, na kwa lugha anayoifanyia kazi. Asiulizwe tu namna ya kuondoka, bali pia ni lini hatakiwi kuondoka. Akikataa kupakia kupita kiasi, sheria na ofisi zisimame upande wake mbele ya tajiri na mbele ya abiria wenye haraka. Walimu wa pwani na wa maziwa nao wanaweza kuwaalika manahodha wazee madarasani, na wanafunzi wakayaandika wanayoyasikia. Wazee hao wanapungua, na mengi wanayoyajua hayamo katika kitabu chochote.

Chombo cha kuzama huenda kikakosa usukani. Lakini taifa lenye bahari na maziwa makubwa halina udhuru wa kukosa watu wanaojua kuushika.