Mbiu ya Mgambo Inapochelewa Vyuoni

Wahenga walinena kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Methali hii tunaifundisha kila mwaka, wanafunzi wanaikariri, nasi tunawatahini juu ya maana yake ya nje na ya ndani. Ni nadra, hata hivyo, kwa mwalimu au mwanafunzi kuuliza ni nani hasa aliyekuwa na haki ya kuipuliza mbiu hiyo, na kama aliyelala nyumba ya mwisho kijijini aliisikia kwa wakati.

Mimi nililazimika kuuliza usiku mmoja, miaka michache iliyopita, katika chuo kimoja cha huku kwetu kati ya Meru na Embu nilikokuwa nikifundisha. Yapata saa nane za usiku moto ulizuka katika bweni la wasichana, kwenye chumba ambamo mtu alikuwa amesahau jiko la koili likiwaka. Bawabu aliuona moshi. Kwa mujibu wa maagizo aliyopewa, kazi yake ilikuwa kumwarifu msimamizi wa zamu, naye msimamizi amwarifu mkuu wa usalama, na mkuu wa usalama atafute idhini ya ofisi iliyo juu yake kabla ya tangazo lolote kutolewa kwa wanafunzi. Mzee wa watu akaondoka mbio kuelekea lango kuu. Waliokuwa ndani hawakuamshwa na yeye wala na ofisi yoyote. Waliamshwa na msichana wa mwaka wa pili aliyetoka chumbani na mwiko na kifuniko cha sufuria, akapita ukumbini akigonga na kulitaja neno moja tu: moto, moto, moto.

Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Saa nne na dakika kumi asubuhi yake sote tulipokea barua pepe kutoka utawala. Iliandikwa kwa Kiingereza. Kwa kuwa kazi yangu ni isimu, na kwa kuwa nilikuwa nimekasirika, niliyahesabu maneno yake. Yalikuwa mia mbili na kumi na manne. Yalianza kwa kuitaarifu jumuiya yote ya chuo, yakapitia kifungu cha kanuni za mabweni, na neno lenye maana ya moto likajitokeza likiwa la arubaini na moja.

Sisemi haya ili kumdhihaki mwandishi wa barua ile. Aliandika alivyofunzwa kuandika. Tatizo ni kwamba tumekichukulia kitendo cha kuonya kana kwamba ni kitendo cha kutoa taarifa, ilhali viwili hivi havifanani hata kidogo. Taarifa humwambia mtu jambo lililokuwa, naye ana nafasi ya kuitafakari. Onyo humwambia la kufanya sasa hivi, na thamani yake yote imo katika dakika chache. Likichelewa linageuka rambirambi.

Mkasa ambao kila mtu wa vyuo nchini anaukumbuka ni wa Garissa. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, mwendo wa saa kumi na moja na nusu, wauaji wa Al-Shabaab waliingia katika Chuo Kikuu kishiriki cha Garissa, na kufikia jioni watu 148 walikuwa wameuawa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi. Inasahaulika upesi kwamba tahadhari zilikuwapo. Wiki moja kabla, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimewatangazia wanafunzi wake kuwa chuo kikubwa huenda kikashambuliwa. Kule Garissa kwenyewe, baadhi ya walionusurika waliwaambia waandishi wa habari kuwa matangazo yalibandikwa, lakini kwa kuwa siku zilikuwa zile za kuamkia Aprili, wapo waliodhani ni mzaha wa Siku ya Wajinga. Hebu tuyapime maneno hayo. Mwanafunzi anasoma tangazo kwamba maisha yake yamo hatarini, naye hana njia ya kupambanua kama ni kweli au ni utani, kwani halina sauti anayoijua, halimwambii afanye nini, na limebandikwa ubao mmoja na matangazo ya mechi za soka na vyumba vya kupangisha.

Siku kumi baadaye, usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 12 Aprili, mitambo ya umeme ililipuka katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani ni Garissa imewafuata. Walirukia madirishani kutoka ghorofa za juu. Mmoja alifariki na zaidi ya mia moja wakajeruhiwa, na hapakuwa na adui yeyote. Sauti moja tu ya kuaminika, yenye kutamka kwamba ni umeme na kila mtu akae alipo, yamkini ingaliwaokoa. Kisha tarehe 30 Novemba mwaka uo huo, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la kujihami lililoambatana na milio ya bunduki; watu wengi hawakujua kuwa ni zoezi, wakaruka pia, na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha. Mwaka mmoja, na mara tatu maneno yamewakosa watu waliokuwa wakiyahitaji: mara ya kwanza yalikuja yasiaminike, mara ya pili hayakuja kabisa, na mara ya tatu waliojua ni mchezo hawakuwaambia wote waliomo.

Kwetu sisi wa Meru, hata hivyo, kumbukumbu hii inarudi nyuma zaidi ya mwaka 2015. Nilikuwa msichana wa miaka tisa mwezi wa Julai 1991, nikiishi na nyanya yangu huko Tigania. Usiku wa tarehe 13 wavulana wa shule ya mseto ya St. Kizito waliwavamia wasichana wenzao waliokuwa wamejikusanya katika bweni moja wakijihami. Wasichana 19 walikufa, wengi kwa kukanyagwa na kukosa hewa, na wengine 71 walinajisiwa. Wakubwa walilizungumza jambo hilo kwa kunong'ona, wakinyamaza tulipoingia. Nilichosikia zaidi ya mara moja, na ambacho sijakisahau, ni swali la nyanya: je, hawakupiga kamsa? Akilini mwake haikuwezekana watoto mia kadhaa wapige mayowe usiku na wanakijiji wasimiminike. Katika ujana wake, alisema, aliyepiga ukemi aliongeza neno, na kwa neno hilo jirani alijua kama abebe maji au abebe rungu. Na aliyeusikia ukemi asitoke, alikuwa na la kujibu mbele ya wazee kesho yake.

Nyanya hakuwa amesoma, lakini alikuwa ameieleza mifumo ya tahadhari kwa ukamilifu kuliko nyaraka nyingi ninazoletewa mezani. Katika maelezo yake kila mtu ana haki ya kuanzisha ukemi, hata mtoto. Ukemi una sauti na neno, ili hatari moja isichanganywe na nyingine. Na anayeusikia ana wajibu unaojulikana tangu awali. Vyuo vyetu vimeyageuza yote matatu. Haki ya kuonya imefungiwa ofisini, king'ora ni kimoja kwa kila balaa (pale kilipo), na anayekisikia hutazama huku na huku kuona wenzake watafanya nini.

Hili la king'ora kimoja si dogo. Moto unataka watu watoke. Mtu mwenye bunduki anataka watu wajifungie. Mlio mmoja ukitumika kwa yote mawili, utawatoa watu vyumbani na kuwakabidhi kwa muuaji. Ndipo lugha inapoingia, na hapa naomba msomaji anivumilie nikisema kidogo kama mwalimu wa isimu.

Kiswahili kimejaliwa hali ya amri ambayo ni johari kwa kazi hii. "Tokeni!" ni neno moja, nalo lina kitendo, lina wengi wanaoambiwa, na lina hima. "Jifungieni!" vivyo hivyo. Lakini lina mitego yake. Tukichagua "laleni", yuko atakayeelewa ajibwage chini na yuko atakayeelewa arudi kitandani. Tukitumia ukanushi, hatari ni kubwa zaidi. Tofauti kati ya "mtoke" na "msitoke" ni silabi moja tu, tena silabi isiyobeba mkazo, maana mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika kipaza sauti kibovu, kwenye upepo na kelele, ile "si" humezwa, na amri ya kubaki inageuka amri ya kutoka. Kwa hiyo anayeandika maneno ya tahadhari na aepuke "msitoke". Aseme "kaeni ndani". Ni marekebisho yasiyogharimu hata senti moja, na sijaona chuo kilichoyafikiria.

Nitaulizwa mbona nang'ang'ania Kiswahili ilhali lugha rasmi ya kufundishia ni Kiingereza. Jibu ni kwamba moto hauchomi wahadhiri pekee. Chuo ni wapishi, ni wafagiaji, ni mafundi wa mabomba, ni mama anayeuza chapati nje ya lango, na ni yule bawabu wangu. Hata mwanafunzi hodari wa Kiingereza, akizinduliwa usiku wa manane, hana muda wa kuvichambua vishazi tegemezi. Na nathubutu kuongeza kwamba kule Nchiru au pembezoni mwa mji wa Embu si dhambi kipaza sauti kikirudia neno lilo hilo kwa Kimeru au Kiembu baada ya kulitamka kwa Kiswahili.

Wataalamu wa mitambo huniambia kwamba siku hizi mambo yote yako kwenye rununu. Ni kweli kwa kiasi. Arafa zinaweza kufikia maelfu, lakini hutumwa nambari kwa nambari, na mtandao ukilemewa baadhi hufika kesho. Wanafunzi hubadili laini, na daftari la ofisi hubaki na nambari za mwaka wa kwanza. Wengi wao hawalali kampasini kamwe, wamepanga vyumba vijijini, na mvua ya Aprili au ya Novemba ikinyesha umeme hupotea, simu zikazimika chaji. Makundi ya WhatsApp ni mepesi kweli, ila hayo hayo ndiyo yanayobeba uvumi, na uvumi hauhitaji idhini ya mtu. Ofisi inapokawia saa mbili ikitafuta saini, wanafunzi wanakuwa wameshaambiwa habari kumi, tisa kati yake za uongo. Simu iwepo, basi, lakini pawepo na king'ora chenye betri yake, kipaza sauti, na kengele ya mkono kwenye kila ghorofa. Chuma kikigongwa hakihitaji mtandao.

Isidhaniwe kwamba ni umaskini wetu pekee. Tarehe 16 Aprili 2007, katika chuo cha Virginia Tech huko Marekani, watu wawili walipigwa risasi bwenini saa moja na robo asubuhi. Barua pepe ya kwanza kwa wanafunzi ilitoka saa tatu na dakika 26. Muda mfupi baadaye muuaji aliingia katika jengo la madarasa akawaua wengine 30. Chuo kile kilikuwa na fedha, kilikuwa na kompyuta, na kilikuwa na polisi wake chenyewe. Saa mbili zile zilipotelea katika kusubiri na kudhani. Mwaka uliofuata Wamarekani waliandika katika sheria kwamba chuo sharti kiwaonye watu wake bila kukawia hatari inapothibitika, na mfumo wa kuonya ujaribiwe kila mwaka.

Kwetu, Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama wa shule mwaka 2008, unaotaka milango ya mabweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwekwe vyuma. Mwaka 2017 wasichana kumi waliteketea Moi Girls jijini Nairobi, na Septemba 2024 wavulana 21 wakafa Endarasha, kaunti ya Nyeri, mlima uo huo tunaoutazama sisi. Mwongozo upo kabatini.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi kutoka kwa wasimamizi ni kwamba bawabu au mwanafunzi akiruhusiwa kupiga king'ora, tutashinda tukikimbia bure. Huenda. Tutakimbia bure mara mbili au tatu kwa mwaka, tutasimama uwanjani kwenye baridi tukiwa na mashuka mabegani, tutamlaani aliyetuamsha, kisha tutarudi kulala. Nimeuweka usiku wa namna hiyo kwenye mizani na ule wa Julai 1991, na sioni cha kubishania. Adhabu iwepo kwa mwenye kufanya mzaha, lakini asiadhibiwe aliyeona moshi akakosea, maana tukimwadhibu huyo mmoja, wengine wote watajifunza kunyamaza.

Yule msichana wa kifuniko cha sufuria alihitimu. Kabla hajaondoka aliitwa ofisini kueleza kwa nini alikuwa na sufuria bwenini, jambo linalokatazwa na kanuni. Bawabu hakuulizwa lolote, na maagizo yake, nilipoyasoma mara ya mwisho ubaoni kwenye kibanda chake, yalikuwa bado yanamtaka amwarifu kwanza msimamizi wa zamu.